Intaneti ya mtoto nayo iwe na saa ya kulala

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule anatakiwa awe amelala ifikapo saa 2 usiku. Lakini penye waifai, katuni na michezo humfuata hadi ndani ya shuka.

Mzazi, si lazima mnyang'anyane simu kila usiku. Waifai ya nyumbani hupita kwenye ruta, na ruta nyingi hupangiwa muda. Igeuze usome kibandiko chake: utaona anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na nywila. Unganisha simu yako na waifai hiyo, andika anwani kwenye kivinjari, ingia, chagua simu ya mtoto, kisha panga saa ya kukata na ya kurudisha intaneti. Ukimaliza badili nywila hiyo, maana mtoto naye anajua kusoma kibandiko.

Jambo moja: ruta haizuii bando. Simu yenye laini ilale chumbani kwako.