Ulinzi wa Madrid, 1936: Kutoka Mgambo hadi Jeshi la Umma

Katika madarasa ya siasa swali hili halikosekani: umma ukivamiwa, kinachoulinda ni silaha au ni siasa? Kulijibu kwa maneno matupu hakuna faida. Tutazame hali halisi ya Madrid, mji mkuu wa Hispania, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Julai 1936.

Majenerali walipoasi, jeshi la Jamhuri lilivunjika vipande. Tarehe 20 Julai wafanyakazi wa Madrid waliivamia na kuiteka kambi ya Montaña. Tangu hapo kila chama cha siasa, na kila chama cha wafanyakazi, kiliunda mgambo wake. Ari ilikuwa kubwa mno. Uongozi wa pamoja haukuwepo. Amri zilijadiliwa kama hoja za mkutano, na kikosi kikirudi nyuma, cha jirani yake hakikuarifiwa. Dhidi yao ilikuja nguvu iliyopangika: jeshi la kikoloni la Moroko, lililovushwa bahari kwa msaada wa ndege za Wajerumani na Waitalia. (Serikali ya Jamhuri haikuthubutu kuitangazia Moroko uhuru. Hivyo mkulima maskini wa Kiafrika alitumiwa na mafashisti kumpiga maskini mwenzake wa Kihispania.) Talavera ilianguka tarehe 3 Septemba, na Toledo tarehe 27.

Hapo ndipo fundisho la Kikosi cha Tano, kilichoundwa na Chama cha Kikomunisti, lilipokubalika: nidhamu, mafunzo, na kamisaa wa siasa bega kwa bega na kamanda. Oktoba 1936 serikali iliamuru mgambo wote waingizwe katika Jeshi la Umma. Msingi wake ukawa brigedi mchanganyiko, yaani batalioni nne za askari wa miguu pamoja na mizinga, wahandisi, mawasiliano na waganga wao wenyewe. Sababu yake ni rahisi: divisheni kamili hazikuwepo, hivyo kila brigedi ilibidi iweze kupigana peke yake. Kazi ya kamisaa haikuwa kuhutubia tu. Alimweleza mpiganaji kwa nini atii, alifuatilia chakula na viatu, alisimamia madarasa ya kusoma na kuandika, na aliwachunga maofisa wa zamani ambao uaminifu wao ulitiliwa shaka.

Usiku wa tarehe 6 Novemba serikali ilihamia Valencia. Jenerali Miaja aliachiwa bahasha ya maagizo. Alipoifungua alikuta ni ya jenerali mwenzake! Hata hivyo, yeye na mnadhimu wake mkuu, Vicente Rojo, waliunda Baraza la Ulinzi lenye wajumbe wa vyama. Vyama vya wafanyakazi vilitoa watu, wengine bila bunduki, wakingoja nyuma ya mstari kuchukua silaha za walioanguka. Wananchi walichimba mahandaki. Kisha ndani ya kifaru cha adui ukapatikana mpango mzima wa shambulio, na Rojo akahamishia nguvu zake Casa de Campo usiku uleule. Jeshi la mgambo wa Julai lisingeweza kuhama hivyo.

Wapo wanaosema mji uliokolewa na Brigedi ya Kimataifa. Hilo ni kutia chumvi. Wapiganaji wake, kama 1,900, walipoingia vitani mstari ulikwisha kushikiliwa na wenyeji. Wala tusifiche kwamba mwezi huohuo wafungwa wengi waliuawa Paracuellos. Mauaji hayo hayakuulinda mji hata kidogo. Tarehe 23 Novemba Franco alisimamisha mashambulizi ya ana kwa ana.

Mstari huo ulidumu zaidi ya miaka miwili. Machi 1939 Kanali Casado aliiasi serikali yake mwenyewe, na Miaja akajiunga naye. Askari wa Jamhuri walipigana wao kwa wao mitaani, na tarehe 28 adui aliingia Madrid bila kupigana.