Vitanda Viwili vya Mto Msimbazi

Paukwa! Nanyi mwitikie: Pakawa!

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo sina sungura wala fisi. Leo nina mto, na jina lake ni Msimbazi.

Mto huu huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukakatiza jiji la Dar es Salaam, ukaingia Bahari ya Hindi penye daraja la Salender. Kiangazi utauona mnyonge, maji yamejikunyata katikati ya mchanga. Lakini kandokando yake, pale Jangwani, kuna uwanda mpana ulio tambarare. Uwanda ule haukujitokeza bure. Mito mingi ina vitanda viwili: chembamba cha kulalia kila siku, na kipana cha kulalia siku ya mvua kubwa. Mto ukihamia kitanda kipana, sisi tunasema: mafuriko.

Je, maji yote hayo hutoka wapi? Tuhesabu pamoja. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, ni lita moja ya maji. Tarehe 20 Desemba 2011, Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 kwa siku moja. Kila mita ya mraba ilimwagiwa ndoo kubwa saba na ushee! Uwanja mmoja wa mpira peke yake ulipokea zaidi ya lita milioni moja. Sasa ongezeni mapaa yote, barabara zote na vilima vyote.

Maji yakianguka msituni, majani huyapunguza kasi, mizizi huyafungulia njia, udongo huyanywa polepole. Udongo ukishashiba, yanayobaki hutiririka. Mjini je? Bati halinywi. Zege halinywi. Lami hainywi. Maji yote hushuka kwa pamoja, mbio, kuelekea mtoni. Njiani hukuta mitaro imezibwa na chupa na mifuko. Mtoni hukuta mchanga ulioporomoka kutoka juu umejaza kitanda chembamba. Na kama saa hiyo bahari imejaa, hasa wakati wa bamvua, maji ya mto hufika mlangoni yakakuta bahari imesimama kizingitini. Hayana budi kusubiri, na huku nyuma mengine yanazidi kuja.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule wa 2011. Wataalamu wa hali ya hewa walisema mvua ya namna hiyo haikuwa imeonekana tangu 1954. Mto ulikwenda kwenye kitanda chake kipana, ukakuta watu wamejenga nyumba humo. Zaidi ya watu 40 walifariki. Maelfu walipoteza makazi, na familia nyingi zikapewa viwanja Mabwepande, mbali na bonde.

Msiuchukie mto, wanangu. Kule kwenye bonde la mto Rufiji, tangu zamani, wakulima wamepanda mazao kwenye udongo laini unaoachwa na mafuriko. Maji yaleyale yanayobomoa ndiyo yanayorutubisha, yakipewa nafasi yake. Tunachotakiwa ni kukumbuka kitanda kipana ni cha nani: tusijenge humo, tusitupe taka mitaroni, tuilinde miti ya vilimani na mikoko ya mlangoni mwa mto.

Na siku mafuriko yakija, msiingie kwenye maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magotini. Yana nguvu ya kumwangusha mtu mzima, na yanaficha mashimo. Pandeni mahali palipoinuka, mkawaite wakubwa.

Mvua ijayo, kaeni barazani mtazame maji yanayotoka paani kwenu. Yafuateni kwa macho: yanazama wapi, yanakwama wapi, yanaelekea wapi. Kisha njooni mnisimulie. Zamu hiyo, mimi ndiye nitakayeitikia: Pakawa!