Gusa Vidole vya Miguu ya Mgonjwa wa Sukari

Njia za Kinango zina miba ya migunga, na ndara haizuii mwiba. Mwenye miguu mizima huruka, akakaa chini, akauchomoa. Aliyeishi na sukari miaka mingi huweza kwenda nao bwawani na kurudi, asijue lolote, mpaka jioni mjukuu aone damu mkekani.

Sukari ikikaa juu damuni kwa muda mrefu, huharibu neva na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Zilizo ndefu zaidi, zinazofika nyayoni, ndizo hutangulia kufa. Damu nayo hupita kwa shida, kidonda kikachelewa kupona, na uchafu ukiingia, mguu huenda ukakatwa. Haya yanazuilika. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993, wenye wagonjwa 1,441 wa sukari ya aina ya kwanza, ulionyesha kuwa kuidhibiti sukari karibu na kawaida kulipunguza madhara ya neva kwa asilimia 60.

Aina hiyo ya kwanza hutokea kinga ya mwili inapozigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Wengi wa wagonjwa wetu wana aina ya pili, ambayo chanzo chake ni kingine. Lakini kosa hilohilo la kinga likizielekea seli zinazoipa ngozi rangi, mtu hupata mbalanga, na ndiyo maana mbalanga na sukari ya aina ya kwanza mara nyingine humkuta mtu mmoja. Inaniuma kuona mwenye mbalanga akitengwa kwa kudhaniwa ana ukoma. Mbalanga haiambukizi. Baka lake ni jeupe pepe na likiguswa kwa pamba huhisi, ilhali baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi. Na hata ukoma wenyewe hutibika kwa vidonge vya miezi 6 au 12.

Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruxolitinib kwa mbalanga, na teplizumab, dawa ambayo katika majaribio iliichelewesha sukari ya aina ya kwanza kwa takriban miaka miwili. Ni hatua kubwa, ila kwa mtu wa Ndavaya au Kasemeni bado ziko mbali mno.

Kilicho karibu ni kidole. Mwaka 2011, Gerry Rayman na wenzake wa Ipswich, Uingereza, walieleza kipimo cha ganzi ya miguu kisichohitaji kifaa chochote. Mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa wepesi, bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Kila anapohisi, aseme.

Hapa Kenya, tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye kipimo cha sukari. Hilo ni jema sana, kwani uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu watu wazima 88 katika kila 100 hawajawahi kupimwa. Naomba mhudumu akishatoboa kidole cha mkono, aombe na ndara zivuliwe.

Asiyehisi mara mbili au zaidi kati ya sita aende hospitali ya Kinango au Msambweni akakaguliwe. Na asiloweke miguu katika maji ya moto kamwe, maana ataungua asihisi.