Kidonda Kiko Ulimini, Picha ya Shingo ya Nini?

Hebu weka vidole viwili chini ya taya lako, ubonyeze taratibu. Umegusa kitu kama punje ndogo ya haragwe, kinateleza? Usishtuke! Hiyo ni tezi ya limfu, na kila mtu anazo. Shingoni peke yake zipo mamia.

Nimeanza na tezi kwa sababu ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu niliyekutana naye nilipotembelea shule yao. Shangazi yake ana kansa ya ulimi. Daktari kaagiza apigwe picha ya shingo, na nyumbani hawaelewani. "Dada," akaniuliza, "ugonjwa uko ulimini, sasa shingo inahusikaje? Baba anasema hiyo pesa tuiweke kwa ajili ya operesheni."

Swali zuri, na baba wala si mtu mbaya. Lakini sikiliza.

Majimaji yanayotoka ulimini, kwenye fizi na kooni huteremkia shingoni, na tezi huyachuja kama chujio la chai. Seli ya kansa ikibanduka kwenye kidonda, mara nyingi kituo chake cha kwanza ni hapo. Na tezi zikishaingiliwa, matibabu yenyewe hubadilika: operesheni inakuwa kubwa zaidi, mionzi huongezwa, pengine na dawa. Kwa hiyo bila kuikagua shingo, daktari hawezi kupanga operesheni ile baba anayoitunzia pesa.

Picha zenyewe ni za aina kadhaa. Altrasaundi ni ile ile wanayopimwa akina mama wajawazito. Si umesoma mwangwi kwenye fizikia? Basi ndiyo hiyo: mashine inatuma sauti ambayo sikio halisikii, inapokea mwangwi, inachora. Haina mionzi kabisa. CT skani hutumia eksirei zinazozunguka, na kompyuta ikaionyesha shingo slesi kwa slesi kama mkate. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971. MRI inatumia sumaku. Halafu kuna PET, ambapo mgonjwa huchomwa sukari yenye mionzi kidogo. Seli za kansa ni walafi wa sukari, basi zinang'aa.

Tezi nzima ina umbo la haragwe. Iliyoingiliwa huelekea kuwa duara kama gololi, upana wake unazidi milimita 10 hivi, na wakati mwingine katikati imeoza. Ila usidhani picha inamaliza kila kitu. Jino bovu au TB inaweza kuvimbisha tezi vile vile. Ndiyo maana daktari huchoma sindano nyembamba, akiongozwa na altrasaundi, avute seli zikaangaliwe kwa hadubini.

Na picha inaweza kukosa! Vijipande vya kansa vya milimita moja au mbili havionekani. Mwaka 2015 madaktari wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, India, walitoa matokeo ya wagonjwa wa kansa ya kinywa ya hatua za mwanzo, ambao shingo zao zilionekana safi. Walioondolewa tezi mapema, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliosubiri mpaka tezi zijitokeze, asilimia 67.5. Kwa hiyo usishangae shangazi akiambiwa tezi zitatolewa hata kama picha ni safi.

Upande mwingine, picha humwokoa mtu na kisu. Uingereza, mwaka 2016, ilionekana kwamba wagonjwa waliokaguliwa kwa PET baada ya mionzi na dawa wengi wao hawakuhitaji kupasuliwa shingo, na hawakufa zaidi ya wale waliopasuliwa wote.

Na shingo yako wewe? Tezi ya mafua hupungua yenyewe. Ikikaa zaidi ya wiki 3, ikawa ngumu, haiumi na inazidi kukua, nenda hospitali. Usikandwe, usichanjwe chale.

Yule msichana alitoa daftari la bayolojia, akaandika nyuma maswali mawili ya kumpelekea baba yake Jumamosi: "Tezi za shangazi zina ukubwa gani? Na kama kuna iliyovimba, sindano itachomwa lini?"