Maadili ya Serikali za Mitaa (3): Diwani wa Jana Anapoomba Kazi kwa Halmashauri Yake

Wiki iliyopita tulimzungumzia diwani mwenye kampuni inayofanya biashara na halmashauri yake. Leo tumtazame mwenzake asiye na kampuni wala duka. Kipindi chake kinaelekea ukingoni, na anachotaka ni ajira katika mji uleule aliouongoza.

Ukitazama kwa juu juu huoni ubaya. Anaujua mji, anaisoma bajeti bila kusaidiwa, na akitoka madarakani bado ana watoto wa kusomesha. Lakini mfuate hadi kwenye kikao cha bajeti, miezi michache kabla ya uchaguzi. Mkuu wa idara ya maji anaomba nafasi mpya ya meneja, na mshahara umeshapangwa. Diwani wetu anaunga mkono kwa nguvu zote. Mwaka ukigeuka, nafasi inatangazwa, na mwombaji wa kwanza ni yeye. Wanaomsaili ni watumishi ambao mpaka juzi walikuwa wakisimama akiingia ukumbini. Hakuna bahasha iliyopita chini ya meza, wala ujumbe wa simu wa kuonyesha mahakamani. Mpelelezi wa rushwa atashika nini hapo?

Ndiyo sababu miji mingi ya Marekani haingoji ushahidi wa rushwa, bali imeweka muda wa kukaa pembeni. San Francisco inamzuia meya, pamoja na mjumbe wa Bodi ya Wasimamizi ambayo ndiyo baraza lao la madiwani, kupewa na jiji kazi ya mshahara ya muda wote mpaka upite mwaka 1 tangu aondoke. Wananchi wakimchagua kushika wadhifa mwingine, ruksa. Huko Massachusetts, diwani wa jiji hungoja miezi 6.

Mfano ninaouona bora umo katika katiba ya mfano inayotolewa kwa miji na National Civic League, chama kilichoanzishwa mwaka 1894. Mwaka 1 wa kungoja unahesabiwa tangu kumalizika kwa kipindi ambacho diwani alichaguliwa. Msomaji aishike tofauti hiyo. Kipindi kikiwa cha miaka 4, naye akajiuzulu mwishoni mwa mwaka wa pili kwa kuwa ameahidiwa kazi, atakaa nje miaka 3. Kujiuzulu mapema hakumsaidii kitu. Bodi ya maadili inaweza kumruhusu mtu kwa sababu maalumu, na mlango huo ni wa lazima, kwa maana sheria isiyo nao huja kuvunjwa au kupindwa.

Januari 2011 San Francisco ilikumbana na tatizo hilo. Gavin Newsom aliacha umeya baada ya kuchaguliwa naibu gavana wa California, na Ed Lee, mtumishi wa jiji wa miaka mingi aliyekuwa msimamizi mkuu wa utawala, akateuliwa kumalizia kipindi. Sheria ingemfungia nje ya kazi yake ya awali kwa mwaka mzima. Likaletwa pendekezo la kuilegeza ili aweze kurudi. Lee hakuwa mtu wa kutafuta cheo kwa ujanja. Hata hivyo, kuandika upya sheria ya maadili kwa ajili ya mtu ambaye jina lake linajulikana ni jambo la hatari, hata awe mwema kiasi gani. Mwishowe aligombea umeya Novemba mwaka huohuo, akashinda.

Kenya nayo ina Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012. Inamzuia afisa wa Serikali aliyeondoka kumfanyia kazi mtu au shirika, kwa miaka 2, katika suala alilolishughulikia akiwa ofisini. Ni kinga nzuri, ila inaliangalia suala kuliko kiti. Wajumbe wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, ambayo ndiyo huajiri watumishi, huteuliwa na gavana, kisha bunge la kaunti huwaidhinisha. Mwakilishi wadi, yaani diwani wa kaunti, aliyeshindwa uchaguzi akipeleka barua ya kuomba kazi, huenda inafunguliwa na watu aliowapigia kura ya ndiyo yeye mwenyewe. Mabunge ya kaunti yanayojali heshima yake yaweke mwaka 1 wa kungoja, uhesabiwe tangu mwisho wa kipindi, na yafanye hivyo kabla ya uchaguzi, wakati hakuna anayejua nani atashindwa.