Silabi za Kiswahili katika Uandishi wa Nota kwa Herufi

Miongoni mwa programu za kompyuta zitumiwazo kuandika nota za muziki, LilyPond, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, ina tabia yake ya pekee. Mwandishi hachori nota, bali huandika herufi na alama, kisha programu huzisoma na kuzichora juu ya mistari mitano. Mwenye kuitumia, basi, hana budi kujifunza sarufi yake, na shida nyingi zimpatazo ni shida za lugha.

Kwanza, maana ya alama yaweza kutegemea ile iliyotangulia. Katika namna moja ya kuandika, kila nota huwekwa mahali palipo karibu zaidi na nota ya kabla yake. Mtu akiandika c kisha g, hupata g ya chini, kwa kuwa kushuka huko ni sauti nne, na kupanda ni tano. Akitaka ya juu yampasa kuandika g'. Akisahau kialama hicho, nota zote zifuatazo nazo hushuka kwa oktava moja, na kosa huonekana mbali na lilipozaliwa.

Maneno ya wimbo yana hatari kubwa zaidi. Mwandishi mwenyewe hukata silabi kwa vistari viwili, na programu huzigawia nota kwa zamu. *Mtoto* huandikwa *m -- to -- to*, kwa maana *m* hiyo ni silabi kamili. Lakini *mwana* ni *mwa -- na*. Akiandika *mto -- to*, programu hailalamiki, maana sarufi yake haikuvunjwa. Ila tangu hapo kila silabi huwahi kwa nota moja.

Je, programu haiwezi kukata silabi yenyewe? Tahajia peke yake haitoshi. Katika *mtu mbaya*, sifa hiyo ni *m-ba-ya*, silabi tatu. Katika *nyumba mbaya* ni *mba-ya*, silabi mbili. Herufi ni zile zile. Ngeli ndiyo iletayo tofauti.

Alama ya | huonya pale mapigo yasipotimia, lakini haihesabu silabi. Yafaa, basi, kila mstari wa wimbo uandikwe peke yake, silabi zake zilinganishwe na nota, na nota zilizofungwa kwa upinde zihesabiwe kuwa moja, kabla karatasi haijafika mikononi mwa kwaya.