Radoni, Zebaki na Utata wa Kubaini Chanzo cha Magonjwa ya Neva katika Machimbo Madogo ya Geita na Shinyanga

Makala hii inafafanua kwa nini ni vigumu kuthibitisha uhusiano kati ya gesi ya radoni na magonjwa ya kudhoofika kwa neva katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga. Radoni hutokana na urani iliyomo miambani, nayo hujikusanya katika maduara yasiyopitisha hewa ya kutosha. Tangu mwaka 1988 imetambuliwa kimataifa kuwa kisababishi cha saratani. Athari yake kwa ubongo ingali inachunguzwa.

Hata hivyo, mchimbaji anayeshuka duarani mara nyingi hushinda pia kwenye mialo, ambako mchanganyiko wa zebaki na dhahabu huchomwa. Mvuke wa zebaki hupita mapafuni, huingia katika damu na kufika ubongoni. Mitetemeko ya mikono, kuyumba na kusahau kunakofuatia huweza kudhaniwa kuwa ugonjwa wa Parkinson. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Rwamagasa, Geita, ulibaini kuwa wachomaji ndio walioathirika zaidi.

Kwa hiyo, mtafiti anayepima radoni pekee aweza kuitwisha gesi hiyo madhara ya zebaki. Inapasa vipimo vya hewa ya duarani viambatane na vya zebaki katika mkojo, pamoja na historia ya kazi ya kila mshiriki. Tofauti hiyo si ya kinadharia tu: radoni hupunguzwa kwa kuingiza hewa duarani, ilhali zebaki huhitaji chombo kinachonasa mvuke. Chanzo kikikosewa, kinga nayo hukosewa.